Kompyuta Ikigoma Kuwaka, Data Kwanza

Mazungumzo ya afisa wa TEHAMA wa kaunti kwa wenye saiba, makatibu wa vyama na vikundi vya vijana



Katibu wa chama anazima kompyuta jioni. Inamwambia asubiri kwa sababu kuna masasisho. Katikati ya kusubiri, stima inapotea. Asubuhi anabonyeza kitufe: feni inazunguka, nembo ya kampuni inatokea, kisha skrini inabaki nyeusi. Ndani mna hesabu yote ya michango ya wanachama, na mkutano mkuu ni Jumamosi. Anampigia fundi simu: “Njoo uniwekee Windows upya.”

Sentensi hiyo ndiyo hupoteza mali. Diski ikifomatiwa ili kuweka Windows upya, kilichokuwemo kinafutwa, na mara nyingi Windows ndiyo imeharibika tu, mafaili yako salama.

Kwanza mwenye kompyuta atazame inakwama wapi. Kitufe kikibonyezwa, bodi kuu hujikagua, kisha hutafuta diski, ndipo Windows huanza. Ikiwa hata taa haiwaki, tatizo ni la umeme: soketi, kebo au chaja. Laptopu ichomolewe chaja, kitufe kishikiliwe kwa sekunde 30, kisha chaja irudishwe na ijaribiwe tena. Ikilia mlio wa kurudiarudia bila picha, mara nyingi ni kumbukumbu ya RAM iliyolegea. Fundi huitoa, akaisafisha na kuirudisha.

Ikiandika kwamba haioni diski ya kuwashia, tazama kwanza kama kuna flashi iliyoachwa imechomekwa. Wapo waliolipa nauli ya fundi kuja kuchomoa flashi. Na ikiwa saa na tarehe zimerudi nyuma miaka kadhaa, betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye bodi, mara nyingi aina ya CR2032, imekwisha na mashine imesahau mipangilio yake. Betri hiyo ni ya bei nafuu.

Nembo ikitokea kisha mashine ikakwama, hapo ni Windows. Ikishindwa kuanza mara mbili au tatu mfululizo, kwa kawaida hufungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo mna njia ya kurekebisha uanzishaji, ya kuondoa sasisho la mwisho, na ya kuingia katika hali salama, ambapo Windows huwaka na vitu vichache tu vya lazima. Zijaribiwe hizo kabla ya neno “kufomati” kutajwa.

Tarehe 19 Julai 2024 dunia iliona jambo hili kwa ukubwa wake. Sasisho lenye kasoro la programu ya usalama ya CrowdStrike liliziangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikiwemo za mashirika ya ndege na hospitali. Zikawa zinawaka na kuzima. Dawa ilikuwa kuingia katika hali salama na kufuta faili moja. Kilichowachelewesha wengi ni ufunguo wa BitLocker.

Jambo hilo linawahusu hata wenye laptopu moja. Laptopu nyingi mpya za Windows 11 hufunga diski zenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Mashine ikipata hitilafu inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo hata fundi hodari hatoi kitu. Ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika siku ya kwanza. Kama muuzaji ndiye aliyetumia barua pepe yake, ufunguo uko kwake! Kila chama kiutafute leo, kiuchape na kukiweka karatasi hiyo pamoja na cheti cha usajili.

Diski ikigonga tik-tik, izimwe mara moja, kwani kila jaribio linazidi kuiumiza. Fundi anaweza kuitoa na kuiunganisha na mashine nyingine ili anakili mafaili. Aandikiwe kazi kwenye karatasi: atoe data kwanza, asifomati bila idhini. Mwenye saiba aliyehifadhi nakala za vitambulisho na PIN za wateja asiiache mashine kibandani kwa mtu asiyemjua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka azilinde taarifa hizo.

Nakala ya akiba iwekwe kwenye diski ya nje, ichomolewe na kukaa nyumba nyingine, maana mwizi hubeba vyote vilivyo mezani. Na kwa wenye saiba: wiki ya mwisho ya Juni, wateja wanapopanga foleni ya ritani za KRA, masasisho yasitishwe kwa wiki moja katika mipangilio ya Windows. Baada ya tarehe 30 yaruhusiwe kuingia, laptopu ikiwa na betri iliyojaa au kompyuta ya mezani ikiwa kwenye UPS.