Kukata Tamaa Hakujengi: Fundisho Kutoka Ufilipino

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tuzungumze juu ya kukata tamaa. Vikundi vingi havifi kwa kukosa pesa. Vinakufa siku ile watu wanaposema, "Wacha tu, haitawezekana." Hebu twende mbali kidogo, mpaka Ufilipino, tuone wenzetu walivyopambana na neno hilo.

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000 huko Asia. Wahispania waliitawala kwa zaidi ya miaka 300. Wakati huo daktari mmoja wa macho, José Rizal, aliandika riwaya mbili: Noli Me Tangere mwaka 1887 na El Filibusterismo mwaka 1891.

Katika ile ya kwanza, kijana Ibarra anarudi kutoka ng'ambo na kuanza kujengea watoto shule. Adui zake wanamsingizia uasi, naye anapoteza kila kitu. Katika ile ya pili amerudi kwa jina la Simoun, tajiri muuza vito. Sasa hajengi tena. Anachochea serikali izidi kuwa mbovu, watu wazidi kuteseka, mpaka hasira yao ilipuke. Mipango yake inaharibika. Anakunywa sumu, na kufia nyumbani kwa padre mzee, Florentino. Padre anamsikiliza kwa upole, lakini anamwambia ukweli: uovu hauzai uhuru mwema; watu huupata kwa kuustahili, kwa kazi na kuvumilia. Simoun akiisha kufa, padre anatupa vile vito baharini.

Mnaona? Simoun hakukosa mali. Alikosa tumaini.

Mtu atasema, "Hizo ni hadithi tu." Haya, tutazame maisha ya Rizal mwenyewe. Mwaka 1892 watawala walimpeleka kifungoni Dapitan, katika kisiwa cha Mindanao, mbali na kwao. Alikaa huko miaka minne. Angeweza kuketi akilia tu. Lakini alilima, akatibu wagonjwa, maskini bila malipo. Alifungua shule ya wavulana. Hawakulipa karo, walifanya kazi shambani. Aliwatengenezea watu wa mji njia ya kupata maji safi. Aliposhinda pesa za bahati nasibu, alimpelekea baba yake sehemu, na nyingine akanunulia shamba. Na mwaka 1895 alitunga kanuni za chama cha wakulima, ili wapate soko zuri la mazao, na duka lao la kununua vitu kwa bei nafuu. Je, hiyo si kazi yetu sisi?

Tusidanganyane, jamani. Uvumilivu haukumwokoa. Tarehe 30 Desemba 1896 alipigwa risasi Manila, akiwa na miaka 35. Lakini wale wavulana walibaki na elimu yao. Anayetimiza wajibu wake huenda asile matunda yake, ila wengine watakula.

Wafilipino wana neno, bayanihan. Zamani jirani akihama, wanaume walipitisha mianzi chini ya nyumba yake nyepesi, wakaibeba mabegani mpaka kiwanja kipya. Hakuna aliyeweza kuibeba peke yake, na kila aliyeachia aliwaongezea wenzake uzito. Sisi tunaita harambee. Basi mwenzenu akikosa mkutano mara mbili, msimfute haraka kitabuni. Nendeni kwake mkaulize. Na wewe uliyekopa, ukishindwa kulipa, usijifiche. Njoo useme, tupange pamoja.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

1. Ni kazi gani tuliyoiacha njiani, na kwa nini hasa?
2. Ni sehemu gani ndogo tunayoweza kuanza tena mwezi huu, bila kungoja mfadhili?
3. Nani kati yetu amechoka, na nani atakwenda kumwona?

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.