KUOMBA NAFASI KATIKA VYUO VIKUU VYA NG'AMBO
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu, watu wa karakana na wa stesheni)



Binti wa mwenzetu mmoja, mfunga mabehewa, amepata barua ya kukubaliwa na chuo kikuu huko Marekani. Baba yake ametujia na barua mkononi akiuliza, "Sasa nifanyeje?" Tena tumesikia wengine wakinong'ona kwamba mambo hayo ni ya wakubwa, si ya watu wa grisi.

Maneno hayo twayakataa. Mwaka 1959 alikuwa ni Bwana Tom Mboya, katibu mkuu wa Shirikisho la Wafanya Kazi la Kenya, aliyepata kwa rafiki zake Wamarekani ndege ya kuwachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi. Hata kufika 1963 wanafunzi wa Afrika Mashariki waliosaidiwa hivyo walikaribia 800. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Mwaka huo huo akaenda Kansas Wangari Maathai, ambaye baba yake alikuwa mfanya kazi katika shamba la mzungu huko Nakuru. Naye mwaka 2004 akapewa tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini angalieni: ndege ilikuwa ndege tu. Mwanafunzi alipaswa kwanza kupata nafasi chuoni, na watu wa kwao wakachanga fedha za matumizi.

Basi hata leo kazi huanza mapema, mwaka mzima kabla. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi kati ya Novemba na Januari, kwa masomo ya Agosti au Septemba yanayofuata. Vyataka matokeo ya shule, barua za walimu, insha ya mtoto mwenyewe, na mara nyingi mtihani wa Kiingereza. Ada ya maombi ikiwa nzito, mtoto aandike kwa adabu aombe asamehewe. Vyuo vingi husamehe.

Tena barua ya kukubaliwa si ruhusa ya kusafiri. Chuo hutaka kuona fedha za mwaka wa kwanza, ndipo hutoa fomu iitwayo I-20. Kisha kuna ada ya serikali yao, dola 350 tangu 2019, na ya viza, dola 185 tangu 2023. Viza ikikataliwa, fedha hizo hazirudi. Katika mahojiano ubalozini afisa atauliza: kwa nini chuo hiki, nani analipa, na ukimaliza utafanya nini. Mtoto ajibu mwenyewe, asikariri kama katekisimu.

Mwenzetu alisema binti atafanya kazi huko ajilipie. Sivyo. Wakati wa masomo huruhusiwa saa 20 kwa juma, tena ndani ya chuo. Hizo ni fedha za sabuni.

Waingereza nao hutaka fedha ziwe zimelala benki siku 28 mfululizo, kwa hiyo kukopa za kuonyesha usiku mmoja hakufai. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg hutoza wageni euro 1,500 kwa muhula. Lakini fedha za kula za mwaka, euro 11,904 tangu 2024, kwa kawaida hutakiwa zifungiwe benki kwanza.

Sasa juu ya mawakala. Mmoja alikuja langoni kwetu amevaa tai, akiahidi nafasi na viza kwa shilingi 80,000, bila stakabadhi. Hakuna mtu wa kuuza viza, ndugu! Mashauri ya vyuo vya Marekani hutolewa bure na EducationUSA hapa Nairobi.

Tukirudi kwa binti yetu: chuo kimemsamehe karo, kimebakiza malazi na chakula. Halmashauri itakutana Jumamosi kuamua kama mfuko wa kusaidiana utamkopesha baba yake. Kabla ya kuinua mikono tutaisoma barua ile mstari kwa mstari, tujue msamaha huo ni wa mwaka mmoja au wa miaka minne, na alama gani zatakiwa ili usikatwe. Walio zamu ya usiku waje saa nne asubuhi. Na baba mtu amlete binti mwenyewe, maana yeye ndiye tunayetaka kumsikia.