Shika Tepu Pembeni ya Fundi Mzoefu

Msikilizaji wa Handeni na Korogwe, kijana wako anayetaka useremala aanzie chini, pale kenchi zinapounganishwa, pembeni ya fundi mzoefu. Ajifunze kwanza kuhakiki pembe mraba: pima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, ulalo ukisoma futi 5, pembe imekaa sawa. Fremu ya mlango? Linganisha vipimo viwili vya ulalo wake.

Umaliziaji ndio unaodai subira zaidi. Mtiki wa Longuza, kule Muheza, ni mbao nzuri mno, lakini ukiutumia ungali mbichi, unaweza kupinda ukikauka. Msasa ufuate nyuzi za mbao, ndipo upake vanishi.

Nawe fundi uliyejifunzia kazini, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hupima ujuzi huo na kuurasimisha kwa cheti. Ulizia chuo chao kilicho karibu nawe.