Dubai Isiyotazamwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Kamati imetutaka tuwaeleze habari za safari yetu, sisi watatu tuliopitia Dubai tukirudi nyumbani kutoka mafunzoni. Tulifika huko Ijumaa adhuhuri, na ndege ya kutuleta kwetu ilikuwa ya Jumatatu alfajiri. Basi tulikuwa na siku mbili na nusu zisizo na kazi. Twaishukuru Kamati kwa heshima hii, wala hatutawachosha, maana twajua kwamba saa ya chakula i karibu.

Kwanza tuseme neno litakalowafurahisha makarani. Tangu tarehe 1 Januari 2022, ofisi za Serikali za huko hufanya kazi siku nne na nusu kwa juma. Ijumaa kazi hukoma mchana watu wapate kwenda msikitini, na Jumamosi na Jumapili ni mapumziko. Mwenzetu mmoja alipolisikia jambo hili aliuliza kama wanaandika makarani wapya. Hatukumjibu.

Ninyi nyote mwajua jinsi jina la Dubai linavyosikika kwetu: ni jina la duka. Kila aliyetuaga alitutuma kitu. Huyu simu, huyu vitambaa, huyu kidani cha dhahabu. Na yule asiyenunua huenda kuutazama mnara wa Burj Khalifa, wenye urefu wa mita 828, uliofunguliwa Januari 2010. Sisi nasi tuliutazama jioni ile ile hata shingo zikatuuma, wala hatuoni haya kusema kwamba ni kazi kubwa ya mikono ya watu. Lakini tulipokwisha kuutazama tulijiuliza: Je, watu wa hapa walikuwa nani kabla ya mnara huu? Mafuta yaligunduliwa mwaka 1966 tu, na mji ulikuwapo zamani. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Tukakata shauri kwamba Jumamosi na Jumapili tutautafuta ule mji wa kwanza.

Mji huo umekaa kando ya mkono wa bahari uingiao katika nchi kavu. Wenyeji huuita khor, nasi pwani kwetu twasema hori. Neno ni moja. Upande mmoja ni Deira, na upande wa pili ni Bur Dubai. Watu huvuka kwa mashua ndogo za mbao ziitwazo abra, na nauli tuliyotoa ni dirhamu 1. Tuliketi bega kwa bega na vibarua wa Kihindi na wa Kipakistani waendao kazini, na majahazi yamefungwa gatini yakipakiwa shehena.

Hori hilo lilikuwa likijaa mchanga, vyombo vikashindwa kuingia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtawala, Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, alikopa fedha, nyingi katika hizo kutoka Kuwait, hori likachimbwa, na kazi ikaisha mwaka 1961. Twawaomba muiangalie tarehe hiyo. Mafuta yalikuwa hayajaonekana. Mji ule ulijikopesha na kujitengeneza ukiwa bado maskini.

Kutoka hori tuliingia mtaa wa Al Fahidi, ambao hapo kwanza uliitwa Bastakiya. Ulijengwa na wafanyabiashara waliotoka upande wa Uajemi mwishoni mwa karne ya 19. Vichochoro vyake ni vyembamba ili jua lisiingie, na juu ya mapaa imesimama minara ya upepo. Mnara huo una pande nne zilizo wazi. Upepo ukishikwa juu hushushwa mpaka chumbani, na hewa ya moto hupata njia ya kutokea. Tulisimama chini ya mmoja, na tuliona ubaridi usoni pasipo mtambo wala umeme.

Kuta za nyumba hizo ni za mawe ya matumbawe na jasi. Kisha tukainua macho darini, na hapo ndipo tulipostaajabu. Darini palikuwa na boriti, boriti za mikoko, zile zile tuzionazo katika nyumba za Lamu na Unguja. Mlinzi wa nyumba alitwambia kwamba wao huziita chandal, na kwamba zililetwa kutoka Afrika. Nchi ile ina misitu michache. Basi majahazi yalikuja kwetu na upepo wa kaskazi yakileta tende, na yakarudi na upepo wa kusi yamepakia boriti za Rufiji na za Lamu. Na kwa kuwa upana wa chumba hauwezi kupita urefu wa boriti, vyumba vya huko ni vyembamba, yapata mita 3 hivi, kama vilivyo vya kwetu. Mkoko wa Rufiji ndio uliompimia tajiri wa Dubai chumba chake cha kulala.

Tuliambiwa pia jinsi mtaa huo ulivyookoka. Katika miaka ya 1980 sehemu yake kubwa ilibomolewa, na iliyobaki ilikuwa imekwisha kuandikiwa kubomolewa. Palikuwa na Mwingereza, msanifu wa majengo aitwaye Rayner Otter, aliyekuwa akitengeneza nyumba moja humo. Bwana huyu alimwandikia barua Charles, mrithi wa kiti cha Uingereza wakati huo, ambaye sasa ndiye Mfalme. Charles alipofika Dubai mwaka 1989 alitaka kuuona mtaa, akautembelea, akashauri uhifadhiwe. Na nyumba zilizosalia zikasalia. Ndugu makarani, sisi twadharauliwa kwamba kazi yetu ni karatasi. Walakini hapo palitosha barua moja, iliyoandikwa kwa wakati wake na kupelekwa kwa mtu apasaye.

Jumapili tulikwenda Shindagha, ilipo nyumba ya Sheikh Saeed Al Maktoum, iliyojengwa mwaka 1896, ambayo sasa ni nyumba ya makumbusho. Humo na katika majumba ya jirani tulijifunza habari za lulu, zilizoulisha mji kabla ya biashara ya leo. Msimu mkubwa wa kupiga mbizi ulikuwa wakati wa joto, yapata miezi minne. Mpiga mbizi alibana pua kwa kibanio, akatia mguu katika kamba yenye jiwe, akazama na kikapu chake. Na mwenzake aliyebaki chomboni alimvuta juu kwa kamba nyingine pumzi zilipokaribia kumwisha. Mkubwa wa chombo aliitwa kwa neno lile lile tulitumialo sisi, nahodha. Wapiga mbizi walipewa fedha kabla ya msimu, na msimu ulipokwisha wengi waliona deni limezidi mapato, wakarudi baharini mwaka wa pili kulilipa. Biashara hiyo iliangushwa na lulu za kupandwa za Wajapani, pamoja na dhiki iliyoushika ulimwengu tangu mwaka 1929.

Hapa hatuna budi kusema jambo zito. Katika pwani zile wengine waliozama walikuwa watumwa waliotolewa Afrika ya Mashariki, au watoto wao. Hawakuchagua kazi hiyo. Hata leo katika nchi za Ghuba hupigwa ngoma iitwayo liwa, yenye zumari na ngoma kubwa, na katika nyimbo zake yamo maneno ya Kiswahili. Jina la mtu hupotea, na kaburi lake husahauliwa, lakini wimbo umebaki.

Alasiri tulivuka tena kwenda Deira, katika soko la viungo, tukasimama mbele ya duka lenye gunia la karafuu. Mwenye duka alikuwa mzee wa kanzu nyeupe. Alipotusikia tukisemezana aliuliza kwa Kiswahili safi, "Mwatoka bara au visiwani?"

Tukasema, "Shikamoo, mzee. Twatoka bara."

"Marahaba, wanangu. Mama yangu kazaliwa Unguja. Tulihamia huku baada ya Mapinduzi ya 1964. Karibuni kahawa."

Tukaketi, tukamweleza kwa furaha habari ya boriti. Alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akasema, "Boriti mmeziona. Je, waliozikata mwawajua?"

Tukanyamaza.

Akasema, "Jina la mwenye nyumba tunalo hapa, na la mwenye jahazi pengine tunalo. Mkata boriti ni wenu. Msipomwandika ninyi, nani atamwandika?"

Bwana Mwenyekiti, mmoja wetu ni mzaliwa wa Rufiji. Babu yake alikata mikoko tangu ujana wake mpaka mgongo ulipopinda. Mwenzetu alikwenda kwake likizo nyingi, akala naye, akalala nyumbani mwake, wala hakumwuliza hata siku moja: Mlikaa huko vichakani siku ngapi? Mlilipwa nini kwa korja moja? Nahodha aliyenunua alikuwa nani? Mzee huyo amekwisha kufariki. Mwenzetu alikiweka kikombe cha kahawa chini, na tangu hapo mpaka hotelini hakusema neno.

Tumeliona hilo kuwa deni letu sote. Sisi ni watu wa kalamu. Kila mmoja wetu amekwisha kuandika barua elfu juu ya likizo, posho na uhamisho. Lakini ni nani kati yetu aliyeandika ukurasa mmoja juu ya kazi ya babu yake?

Basi twaleta shauri mbele ya mkutano. Kila mwanachama aendaye likizo achukue daftari moja, amwulize mzee mmoja wa kwao habari za kazi ya ujana wake, na majina ya wenzake, na nyimbo walizoimba wakifanya kazi hiyo. Daftari hizo apewe Katibu azihifadhi, na zile zifaazo zichapishwe katika gazeti letu hili. Na tusikiapo kwamba jengo la kale katika mji wetu litabomolewa, tusingoje liwe kifusi ndipo tusikitike. Tuandike barua mapema, kwa adabu, kwa mtu apasaye.

Waliotutuma simu na vitambaa wasiwe na wasiwasi, tumevileta. Yule wa kidani atuwie radhi, fedha yake tunamrudishia. Na mwenzetu wa Rufiji alijinunulia kitu kimoja tu katika mji ule wote: daftari. Jumamosi ijayo anakwenda nalo kwa ndugu wa babu yake aliyesalia, naye ana umri wa miaka 84. Tumwombee amkute mzima.