MBOGA AMBAYO HATUKUIPANDA
Maneno ya wamama wa paroki siku ya Yubile



Leo wengine wamewakumbuka waliojenga kanisa hili na waliofundisha katekisimu. Sisi wamama wa jikoni tumepewa dakika chache, nasi twaomba kumkumbuka mtumishi asiyeandikwa katika kitabu chochote cha paroki: lengalenga.

Mnaijua wote. Ndugu zetu wa Kinshasa huiita bitekuteku, na wa Tanzania mchicha. Wengine huipanda bustanini, lakini sisi twasema juu ya ile ya pori, inayoota yenyewe penye majivu, samadi na takataka nyuma ya nyumba. Mbegu zake ni ndogo, nyeusi, zenye kung'aa, na shina moja huzaa maelfu. Mvua ya Septemba ikinyesha tu, yaota. Na huo ndio wakati mgumu kwetu Kivu: maharagi yamekwisha kupandwa, ghala ni tupu, mavuno yangali mbali. Lengalenga haitungojeshi. Baada ya majuma machache majani yake yafaa kuchumwa.

Katika vita ya 1996, na tena katika ile ya 1998, mashamba mengi yalibaki bila kulimwa. Tuliila asubuhi na jioni, bila mafuta, na siku nyingine bila chumvi. Siku moja kijana alituletea kikapu kilichojaa majani. Mama mzee mmoja alikimwaga chini, akachambua jani kwa jani, akatupa karibu nusu; kwa kuwa jalala linaloootesha lengalenga huotesha pia majani ya sumu. Tulikula, na hakuna aliyeugua. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, chasimulia habari inayofanana na hiyo: wakati wa njaa mtu mmoja alichuma porini asivyovijua, na mauti ikaingia chunguni, hata nabii Elisha akaiondoa kwa unga. Sisi hatukuwa na Elisha. Tulikuwa na yule mama. Naye amekwisha kufariki.

Sasa tuungame. Tulipopanga chakula cha sikukuu hii, tuliandika wali, nyama ya mbuzi, sambaza na sombe. Lengalenga tuliifuta sisi wenyewe, tukisema: wageni watatucheka, hicho ni chakula cha wakimbizi. Usiku ule dhamiri ilitusumbua. Waisraeli, hata walipokuwa huru, walikula mboga chungu katika Pasaka yao, wasisahau taabu ya Misri. Tena katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, waliamriwa wasipande katika mwaka wa Yubile, bali wale yale yatokayo shambani. Je, Yubile yetu sisi itaonea haya mboga ambayo hatukuipanda?

Kwa hiyo leo mtaikuta mezani. Tumechuma machipukizi machanga, mbele ya kuzaa mbegu. Tumeyachemsha, tukamwaga maji ya kwanza, tukatia kitunguu, karanga zilizotwangwa na mafuta ya mawese. Mboga hii ina madini ya chuma yenye kufaa damu, na mafuta huusaidia mwili kupokea vitamini A yake, yenye kulinda macho ya watoto.

Ombi letu kwenu wazazi ni moja. Kesho, kisha Misa ya asubuhi, wapelekeni watoto nyuma ya nyumba. Waonyesheni lengalenga, na waonyesheni pia jani lisilo lengalenga, mpaka walijue hata gizani kwa kuligusa. Njaa haitumi barua mbele ya kufika, na siku hiyo kikapu kitahitaji mkono wa kukichambua.

Yubile njema kwenu nyote, na karibuni mezani.