Jimbo la Colorado: Milima, Maji na Watu Wake

Katika majimbo 50 yaliyoungana kuwa nchi ya Marekani, lililoinuka juu kuliko yote ni Colorado. Ukiitwaa nchi yake yote, milima na nyanda, ukaipima kwa wastani, kimo chake ni kama futi 6,800 juu ya bahari. Vilele vyake vinavyopita futi 14,000 ni zaidi ya 50, na kirefu kuliko vyote ni Mlima Elbert, wenye futi 14,440. Mtu aliyeuona Mlima Kenya atasema kwamba Elbert haukufikia kimo hicho, na ni kweli. Lakini Mlima Kenya husimama peke yake, na milima ya Colorado imeshikana bega kwa bega toka mpaka wa kaskazini hata mpaka wa kusini.

Ukubwa wa jimbo ni maili za mraba 104,000 hivi, yaani chini kidogo ya nusu ya Kenya. Mipaka yake minne ilipigwa kwa rula juu ya ramani, wala milima na mito haikuulizwa. Watu waliohesabiwa mwaka 2020 walikuwa 5,773,714. Kenya, katika hesabu ya mwaka 2019, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 47. Kwa hiyo mtu angedhani kwamba nchi pana namna hiyo, yenye watu wachache namna hiyo, haiwezi kuwa na ugomvi mkubwa. Lakini ugomvi upo, tena ni wa miaka mingi, na wasikilizaji wakijua sababu yake wataifahamu Colorado yote. Sababu yake ni maji.

MGONGO WA MILIMA

Milima hiyo ni kama mgongo wa nyumba. Tone linaloanguka upande wa magharibi hushuka kuelekea bahari ya Pasifiki, na linaloanguka upande wa mashariki hushuka kuelekea bahari ya Atlantiki. Mito minne mikubwa huanzia huko: Colorado wenyewe, Arkansas, Rio Grande na South Platte. Mawingu yatokayo magharibi hugonga milima na kuacha theluji nyingi, na theluji hiyo, ikiyeyuka wakati wa masika na mwanzo wa kiangazi, ndiyo uhai wa mito.

Sasa, katika kila sehemu 10 za maji ya jimbo, kama 8 huanguka magharibi ya mgongo huo. Lakini watu walio wengi sana hukaa mashariki, chini ya milima, katika miji ya Denver, Aurora, Colorado Springs, Fort Collins na Pueblo. Denver, mji mkuu, uko futi 5,280 juu ya bahari, yaani maili moja kamili, na mvua yake kwa mwaka mzima haizidi sana inchi 15. Waswahili husema, Penye miti hapana wajenzi. Huko Colorado, penye maji hapana watu, na penye watu hapana maji.

WATU WALIOTANGULIA

Wa kwanza kuishi huko walikuwa wenyeji wa asili. Katika magenge ya Mesa Verde, upande wa kusini-magharibi, zingali zipo nyumba za mawe zilizojengwa na wakulima wa mahindi walioondoka karibu na mwaka 1300. Baadaye milimani walikaa Waute, na katika nyanda za mashariki Wacheyenne na Waarapaho. Watu wenye asili ya Kihispania walipanda kutoka kusini, nao ndio walioujenga mji wa San Luis mwaka 1851. Jina la Colorado ni lao, na maana yake ni wekundu, kwa rangi ya mto.

Katika mwaka 1858 dhahabu ilionekana karibu na mahali palipo Denver leo. Mwaka uliofuata watu kwa makumi ya maelfu walivuka nyanda kuitafuta. Wenyeji wakasukumwa, na msukumo huo ukaishia katika damu. Tarehe 29 Novemba, 1864, askari walioongozwa na Kanali John Chivington waliishambulia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho penye kijito cha Sand Creek, ijapokuwa kambi ilikuwa imepandisha bendera ya Marekani na watu wake walidhani wako katika amani. Waliouawa walikuwa zaidi ya 200, na wengi wao walikuwa wanawake, watoto na wazee. Gavana John Evans alilazimika kuacha kazi mwaka 1865, lakini Chivington hakuhukumiwa kamwe. Mwaka 2007 Serikali ya Marekani ilipafungua mahali hapo kuwa ukumbusho wa taifa. Leo Waute wana maeneo yao mawili kusini-magharibi, yenye mabaraza yao wenyewe.

Colorado ilifanywa kuwa jimbo tarehe 1 Agosti, 1876, miaka 100 baada ya Marekani kujitangaza huru.

SHERIA YA ALIYETANGULIA

Katika Uingereza, na katika majimbo ya mashariki ya Marekani, desturi ilikuwa kwamba mwenye shamba ukingoni mwa mto ndiye mwenye haki ya maji. Desturi hiyo haikufaa Colorado, kwa kuwa mashamba mazuri yalikuwa mbali na mito. Watu wa San Luis walichimba mfereji wao mwaka 1852, na haki ya mfereji huo ndiyo ya zamani kuliko zote katika jimbo ambazo zimetumika pasipo kukatika. Wachimba dhahabu nao walikuwa na kawaida yao: aliyefika kwanza hupata kwanza.

Katiba ya mwaka 1876 iliifanya kawaida hiyo kuwa sheria. Maji ya mito ni mali ya watu wote, lakini haki ya kuyatumia ni ya yule aliyetangulia kuyapeleka kwenye kazi ya manufaa. Mwaka 1882 Mahakama Kuu ya jimbo ilihukumu kwamba hata mtu ayatoe maji katika bonde moja na kuyapeleka bonde jingine, haki yake inasimama. Maji yakipungua, mwenye tarehe ya zamani huchukua fungu lake lote, na mwenye tarehe ya juzi hufunga mlango wa mfereji wake akaona mto unapita. Kwa sheria ya mwaka 1969 jimbo liligawanywa katika sehemu 7 za maji, kila moja na jaji wake wa maji, na wako wasimamizi ambao kazi yao ni kwenda kwenye mifereji na kuona kwamba kila mtu amechukua haki yake wala hakuzidisha.

Sheria hiyo ina faida kubwa: mkulima hujua mahali anaposimama. Lakini ina ukali wake pia, kwa maana haki ya maji yaweza kuuzwa mbali na shamba. Katika wilaya ya Crowley, katika bonde la mto Arkansas, wakulima wengi waliuza haki zao kwa miji, hasa katika miaka ya 1970. Waliouza walipata fedha taslimu, na hapana aliyewalazimisha. Lakini mashamba yaliyokuwa ya kijani yakageuka magugu na vumbi, na maduka yakafungwa, na hata jirani ambaye hakuuza alibaki katika nchi iliyopungua. Tangu hapo wakulima na miji wametafuta njia nyingine, kama vile kukodisha maji kwa miaka michache pasipo kuyauza kabisa.

MAJI YANAYOPITA CHINI YA MLIMA

Miji na wakulima wa mashariki hawakuridhika kuungoja mto wao mdogo. Kati ya mwaka 1940 na 1944 njia ya maji yenye urefu wa maili 13 ilitobolewa chini ya milima, nayo huitwa Alva B. Adams. Maji yalianza kupita mwaka 1947. Huchukuliwa katika maziwa ya magharibi, hupita gizani chini ya vilele, hutokea mashariki na kushuka kwenye mitambo ya umeme, kisha huenda katika mashamba na mabomba ya miji. Watu wa magharibi walikubali kwa shida, baada ya kuahidiwa bwawa lao la akiba.

Lakini kugawana ndani ya jimbo ni jambo jepesi ukilinganisha na kugawana na majirani. Mto Colorado hunywewa na majimbo 7 na nchi ya Meksiko. Mwanasheria mmoja wa mji wa Greeley, Delph Carpenter, aliona kwamba majimbo yakiendelea kushtakiana yataangamia kwa gharama, naye akashauri yafanye mapatano kama mataifa yafanyavyo. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 24 Novemba, 1922. Majimbo ya juu yalipewa fungu moja na majimbo ya chini fungu lililo sawa nalo.

Hesabu iliyotumika, hata hivyo, ilitoka katika miaka ya mvua nyingi. Mto uliahidiwa kwa watu kuliko maji uliyo nayo. Tangu mwaka 2000 theluji imepungua na joto limezidi, na mwezi wa Agosti 2021 Serikali ya Marekani ilitangaza upungufu katika ziwa la Mead kwa mara ya kwanza. Masharti ya kuyaendesha mabwawa makubwa, yaliyowekwa mwaka 2007, yaliandikwa kudumu mpaka mwaka 2026. Watu kama milioni 40 huutegemea mto huo, nao kwa kawaida haufiki tena baharini.

KAZI NA MALI

Dhahabu na fedha ndizo zilizoijenga Colorado, lakini bei ya fedha ilipoanguka mwaka 1893 miji mingi ya machimbo ilikuwa mahame. Machimbo ya makaa ya mawe yaliacha huzuni yake pia: tarehe 20 Aprili, 1914, huko Ludlow, askari walipopigana na wachimbaji waliogoma, mahema yaliteketezwa, na kati ya waliokufa walikuwamo watoto 11. Leo ardhi hutoa mafuta, gesi na molibdeni, madini yanayotiwa katika chuma kukifanya kigumu. Mashambani kuna ng'ombe, ngano, mahindi, viazi, mapichi ya Palisade na matikiti ya Rocky Ford. Kilimo hutumia zaidi ya sehemu 8 katika kila 10 za maji yote. Theluji nayo huleta wageni: huko Aspen na Vail watu hulipa fedha nyingi ili wateleze mlimani kwa mbao zilizofungwa miguuni.

SERIKALI

Gavana huchaguliwa kwa miaka 4. Baraza la Kutunga Sheria lina nyumba mbili, moja ya wajumbe 35 na nyingine ya wajumbe 65, na jimbo lina wilaya 64. Tabia ya watu wa Colorado ni kupenda kuamua mambo wenyewe kwa kura. Mwaka 1893 wanaume wa jimbo walipiga kura kuwapa wanawake haki ya kuchagua, jambo ambalo halijafanywa kwa kura ya watu katika jimbo lo lote kabla yake. Mwaka 1972 walikataa kutoa fedha kwa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ambayo Denver ulikuwa umekwisha kupewa, na michezo ikapelekwa kwingine. Tangu mwaka 1992 katiba yao inasema kwamba kodi haipandishwi ila wapiga kura wakubali. Ni katika mji huo wa Denver, mwezi wa Agosti 2008, ambapo Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alikubali kuwa mgombea wa chama chake kwa kiti cha Rais.

Watu hao wamezoea kuandika kila haki na tarehe yake, na kwa daftari hilo wameishi pamoja zaidi ya miaka 140. Lakini daftari haliongezi maji. Theluji ikiwa chache, aliyeandikwa kwanza na aliyeandikwa mwisho hawana budi kukaa meza moja na kukubaliana ni nani atakayepunguza, na kwa kiasi gani. Kazi hiyo ndiyo iliyo mbele yao.