Mkimbizi na Mti
Hotuba ya mwalimu wa shule ya kambi katika maadhimisho ya Siku ya Mazingira Duniani, 5 Juni



Kamati imenipa nafasi niseme juu ya mazingira. Nimesikia watu wakinong'ona: "Mazingira ni habari ya wenye nyumba zao. Sisi tuliokimbia vita tuanze kuhesabu miti?" Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu.

Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Ngara, Tanzania, na Goma, Kongo, vilima vilivyozunguka kambi vilivuliwa miti kwa muda mfupi. Huko Goma watu walikata kuni mpaka ndani ya Hifadhi ya Virunga, na mwaka huohuo hifadhi hiyo ikaandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na sufuria bila kuni. Lakini nani aliyeumia kwanza? Ni mama mwenye sufuria, maana kuni zilizidi kwenda mbali. Sisi wa Cabo Delgado tunajua maana ya mbali. Tangu Oktoba 2017 porini si mahali pa kumtuma binti peke yake. Basi kila mzigo wa kuni unaookolewa ni safari moja ya porini iliyopungua. Hayo ndiyo mazingira ninayoyasema.

Kwanza, jikoni. Mafiga matatu yakiwa wazi hupeleka moto mwingi kwa upepo. Chukua udongo wa kichuguu, changanya na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, zungushia mafiga, acha mdomo mmoja wa kuni, kisha liache jiko likauke vizuri kivulini kabla ya kuliwasha. Loweka maharage usiku kucha. Pasua kuni, zianike, funika sufuria. Chakula kikiiva, toa kuni uzizime kwa mchanga. Kesho zitawaka tena. Hakuna hata moja hapo linalotaka fedha.

Pili, mikoko. Kimbunga Kenneth kilipotua tarehe 25 Aprili 2019 kiliharibu vibaya Ibo, Quissanga na Macomia. Mikoko haisimamishi kimbunga, lakini mizizi yake hushika udongo na kupunguza nguvu ya mawimbi, na humo ndimo kamba na samaki wadogo wanamokulia. Tusiikate kwa boriti wala kwa kuni. Tena kuipanda ni rahisi: mkoko huzaa mche uliokwisha kuota ungali juu ya mti, mrefu kama rula ya mwanafunzi. Ukianguka, uokote, uuchomeke topeni maji yakipwa. Mtoto wa darasa la nne anaweza kazi hiyo.

Tatu, chandarua. Chandarua chenye dawa ni cha kitandani. Kikitumiwa kutanda ufukoni hakibakizi kitu, hata samaki mdogo kuliko kidole. Mama zangu, najua kitoweo ni shida. Lakini tukila watoto wa samaki mwaka huu, mwakani tutavua maji matupu, na nyumbani malaria itakuwa imekwisha ingia.

Nne, uchafu. Siku chache baada ya Kenneth, kipindupindu kilizuka Pemba. Taka za jikoni ziende shimoni ziwe mbolea. Mifuko ya plastiki isitupwe mtaroni wala pwani. Maji yanayomwagika bombani yachimbiwe mfereji mpaka kwenye shina la mpapai.

Kwa wale wasemao tunapita tu: wazee wetu waliokimbilia Tanzania baada ya vita vya ukombozi kuanza mwaka 1964, wengi walikaa huko, kambi ya Rutamba mkoani Lindi ikiwa mojawapo, mpaka karibu na uhuru wa 1975. Hakuna aliyetajiwa siku ya kurudi. Mpapai huweza kuzaa katika mwaka mmoja, mkorosho baada ya miaka mitatu hivi. Tukirudi kwetu kabla ya hapo, atakula mwenyeji, na hiyo itakuwa shukrani yetu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku yetu ya tatu imepita zamani. Na mikorosho ya wenyeji tusiiguse, hata tawi kavu, pasipo kuomba.

Wageni wetu wa mashirika, nanyi nina neno kwenu, kwa heshima. Maharage ya mgao hayaliwi mabichi. Anayegawa maharage akumbuke na kuni. Anayegawa turubai akumbuke na nguzo. Visipokuja, vitakatwa, na hotuba yangu haitamzuia mama ambaye watoto wake wana njaa.

Kila kaya ianze na jambo moja wiki hii. Jumamosi asubuhi nitakuwa uwanjani pa shule na udongo wa kichuguu. Anayetaka kujifunza kutengeneza jiko aje na mafiga yake.